Bwana Harusi Hana Somo

Utendi mashuhuri kuliko tendi zote za pwani yetu zihusuzo maisha ya ndoa ulitungwa na mwanamke, ukatungiwa mwanamke. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga mwaka 1858, akiwa ameshikwa na maradhi na akijua kuwa siku zake si nyingi, ili amwachie bintiye Mwana Hashima mali isiyoibika. Alimweleza jinsi ya kumridhi Mola na Mtume wake, jinsi ya kuwaheshimu wazazi, jinsi ya kujiweka na kujipamba. Na zaidi ya yote, jinsi ya kuishi na mume. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha kitabu mwaka 1934 waliupa jina la Kiingereza lenye maana ya nasaha za Mwana Kupona juu ya wajibu wa mke, na hivyo ndivyo wengi wetu tulivyoendelea kuusoma: wajibu wa upande mmoja, na upande wa pili ni wa kupokea.

Nimeusomesha utendi huo kwa miaka mingi, na kila mwaka ubeti ule ule huzua kicheko darasani. Ni pale mama anapomwambia binti amtunze mumewe mithili ya mtoto mdogo ambaye hajajua kusema, awe macho kwa kila kimtokacho na kimwingiacho. Wasichana hucheka kwa kuwa wanawajua baba zao. Wavulana hucheka kwa kuwa wanaiona raha iliyo mbele yao. Mimi hungoja kicheko kiishe, kisha huuliza: huyu mtoto asiyejua kusema ni nani hasa?

Maana mume wa Mwana Kupona tunamjua. Alikuwa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, aliyesimama kwa miaka mingi mbele ya majeshi ya Seyyid Said wa Zanzibar. Mtu hawezi kuongoza mji na kuwatia watu ari ya kupigana na dola iliyowazidi nguvu, naye hana ulimi. Sisemi kuwa mama anamsema mumewe. Anamsema mume, awaye yote. Lakini mwanamke aliyeishi na mtu kama yule, tena aliyempenda na kumsifu baada ya kufa kwake, anapotafuta mfano wa mume na ukamjia wa mtoto ambaye hajapata maneno, hatuna budi kujiuliza ulimi ule mkubwa huwekwa wapi mwenyewe anapovuka kizingiti cha nyumba yake.

Wapo wataalamu, Ann Biersteker mmojawapo katika makala yake ya 1991, waliousoma upya utendi huu na kuona ndani yake mengi kuliko utii: mna mamlaka ya mwanamke aijuaye lugha na aitumiaye apendavyo. Nakubaliana nao. Usomaji ninaoutaka hapa, hata hivyo, ni wa yule apepewaye usingizini. Mwanamume wa pwani ameusoma utendi huu kama hati ya haki zake. Nadhani umefika wakati ausome kama cheti cha daktari.

Sisi wanaume wa visiwani si mabubu. Pita barazani baada ya sala ya Alasiri, pale Jaws Corner au kwenye baraza yoyote ya Ng'ambo, ushuhudie. Kahawa chungu inazunguka, wachezaji wa dhumna wanagonga kete mezani, na wanaume wanasema: siasa, mpira, bei ya karafuu, nani aliyevunja vina katika shairi lililosomwa redioni. Humo mna mzaha, mna mafumbo, na huruma pia imo. Nimepata kumsikia mtu akimfariji mwenzake aliyefiwa kwa maneno niliyotamani yaandikwe. Kisha Magharibi inaadhiniwa, baraza inavunjika, na baada ya sala yule yule mfasaha anapiga hodi kwake. Nimehesabu, kwa udadisi wa mwalimu wa lugha, maneno anayobaki nayo. "Chai." "Maji." "Bado?" "Nani kaja?" "Iko wapi kanzu yangu?" Hilo la mwisho ni hotuba.

Tabia hii hufundishwa, tena mapema. Mtoto wa kiume akikaa sana jikoni, kando ya mama na shangazi zake, huambiwa atoke akacheze, jikoni si mahali pa wanaume. Tunadhani tunamtoa kwenye moshi, kumbe tunamtoa kwenye mazungumzo. Jikoni ndiko husemwa nani anaumwa, nani kagombana na nani, na neno gani lilitumika hata wakapatana. Dada zake hubaki pale wakijifunza sarufi hiyo huku wakichambua mchele, naye yuko nje anapiga mpira. Akilia, huambiwa mwanamume halii. Akiogopa, huchekwa. Anapobaleghe amebakiwa na maneno ya hasira na maneno ya mzaha, basi. Na kwa akiba hiyo ndogo tunamwoza.

Tuna methali isemayo mke ni nguo, mgomba ni kupalilia. Si methali mbaya, kwa kuwa angalau inamdai mume kitu: amvishe, amtunze. Lakini kila niisikiapo hukumbuka aya ya 187 ya Sura ya Al-Baqara, ambamo picha ya vazi imekuja mara mbili, kwamba wake ni vazi la waume, na waume nao ni vazi la wake. Methali inamtaka mume anunue nguo. Aya inamtaka awe nguo. Na nguo ni kitu cha karibu mno. Hulijua jasho la mtu, hujua kovu lake liko wapi, hujua siku aliyokonda. Mume wa kununua aweza kuwa mbali miezi sita na bado akahesabiwa kuwa ametimiza.

Huyo mume wa kununua, kwa bahati, siku hizi yamo mashakani. Tangu kilimo cha mwani kilipoanza Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, wanawake wa Paje na Jambiani wanashuka pwani maji yanapotoka, wanafunga mbegu zao kwenye kamba, na wanapouza wanashika fedha zao wenyewe. Bei si nzuri na kazi inaumiza mgongo. Lakini mwanamke ajinunuliaye doti ya kanga amemweka mumewe mahali pagumu, kwani kama kazi yake yote ilikuwa ni kuvisha, sasa yeye ni nani humo ndani? Wapo walionuna. Wapo walioanza, kwa shida, kutafuta jibu.

Mambo haya yangebaki kuwa ya darasani lau dada yangu asingalinijia, mwezi mmoja kabla ya harusi ya mwanawe. Bibi harusi alikuwa ameshaanza kufundwa. Somo wake, mtu mzima mwenye sauti ya chini, alikuwa akija kila alasiri. Milango ikifungwa, singo ikisuguliwa, udi ukifukizwa, na maneno yakisemwa ambayo sisi wanaume hatuyajui wala hatupaswi kuyajua. Upande wa pili, bwana harusi alikuwa amepimwa kanzu, ametafutiwa joho na jambia la kuazima, na amefundishwa na maalimu namna ya kuitikia nikaha bila ya kigugumizi. Huo ndio uliokuwa mtaala wake mzima. Bibi harusi ana somo. Bwana harusi ana fundi cherehani.

"Kaka," dada yangu aliniambia, "huyu mwanangu kaa naye. Wewe unafundisha watoto wa watu."

"Nimfundishe nini? Ana kazi, anasali, havuti sigara."

"Mfundishe kusema."

Nilimwelewa. Mwanawe huyu ndiye aliyeibeba karatasi. Alikuwa na umri wa miaka saba. Baba yake alimwita siku moja dukani alikokuwa akifanya kazi, akampa karatasi iliyokunjwa mara nne, akamwambia ampelekee mama yake na asiifungue. Mtoto akakimbia nayo, na furaha ya mtoto aliyetumwa jambo la watu wazima. Dada yangu alikuwa uani anafua. Akapangusa mikono kwenye kanga, akaikunjua, akasoma. Ilikuwa talaka.

Hapakuwa na ugomvi siku ile, wala wiki ile. Mume alikuwa na lake moyoni tangu zamani na hakulisema. Alipolisema, alilisema kwa mkono wa mtoto. Shemeji yangu huyo hakuwa mtu mwovu. Hakupata kumwinulia mkewe mkono, na posho ya wanawe aliileta hata baada ya kuachana. Alikuwa mtu asiyejua kusema, mpaka alipohitaji neno moja ambalo lilikuwa limeshatengenezwa tayari, halimtaki aeleze chochote.

Mwaka 1998 Susan Hirsch alichapisha kitabu juu ya mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi, na kichwa cha kitabu chake kimewagawa watu wa pwani kwa vitenzi viwili: kutamka na kuvumilia. Mume hutamka, mke huvumilia. Ndivyo ilivyozoeleka kusemwa. Aliyoyakuta mahakamani yalikuwa kinyume. Wengi wa walalamikaji walikuwa wanawake, walisimulia kwa kirefu, na mara nyingi walishinda. Erin Stiles naye, katika kitabu chake cha 2009 kuhusu mahakama ya kadhi ya Unguja, aliwakuta wanawake ndio wafikao na kesi nyingi. Nimeliwaza sana jambo hili. Mwanamke humwendea kadhi akasimulia yale ambayo nyumbani hayakupata msikilizaji. Nadhani waume wengi wasimamapo pale hushangaa kikweli, kwamba hadithi ndefu kiasi kile ilikuwamo nyumbani mwao miaka yote na wao walikuwa wakipita kando yake kwenda kuoga.

Mpwa wangu alikuja baada ya Isha, siku tatu mfululizo. Ni fundi wa majokofu, kijana mpole, mikono yake haitulii.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Karibu."

"Mama kasema nije nifundwe," alisema, akacheka. "Hivi mwanamume anafundwa, mjomba?"

"Majokofu nani kakufundisha?"

"Fundi wangu."

"Muda gani?"

"Miaka miwili na nusu."

"Basi kaa."

Usiku wa kwanza tulizungumza habari za fedha, kwa sababu ndizo rahisi. Usiku wa pili aliniuliza swali ambalo, nilivyoona, ndilo lililomleta.

"Mjomba, akininunia nifanyeje?"

"Na wewe ukinuna, yeye afanyeje?"

Hakujibu. Lugha yetu ina upendeleo katika jambo hili. Kununa kwa mwanamke tumekutilia nyimbo, vitendawili na kejeli za kila namna. Kununa kwa mwanamume tumekuita heshima. Yule mzee hana maneno mengi, tunasema, tena kwa sifa. Lakini ingia nyumba ambayo baba amenuna. Watoto wanatembea kwa ncha za vidole, redio imepunguzwa, sahani inawekwa mezani taratibu kama kwamba meza inaumwa. Hakuna aliyepigwa wala kutukanwa, na kila mtu humo anajitafutia kosa alilolitenda. Ni adhabu isiyo na hati ya mashtaka.

Kijana alikaa kimya kitambo kirefu, akizungusha kikombe. Kisha akasema, "Mimi nikinuna siwezi kutoka. Najiona kabisa, kama mtu aliyefungiwa chumbani, ufunguo anao mwenyewe, lakini siwezi." Halafu, bila ya kuniangalia: "Ile karatasi niliipeleka mimi, mjomba. Naogopa mdomo wangu ni wake."

Kwa zaidi ya miaka ishirini hapakuwa na mtu katika ukoo wetu aliyeitaja karatasi ile mbele yake. Tulikuwa tumeafikiana, bila ya kuafikiana, kuwa mtoto kasahau. Sikumwambia kwamba hakuwa na hatia. Hilo kila mtu mzima hulijua kwa akili na halimsaidii. Nilimwuliza siku ile alikuwa amevaa nini. Akanieleza: bukta ya skuli, kandambili za bluu, moja ilikatika njiani akaishika mkononi. Akanieleza rangi ya povu kwenye karai. Alisema kwa muda wa nusu saa hivi, na mimi sikutia neno.

Mke wangu alikuwa ukumbini, akijifanya kusikiliza taarabu redioni. Kijana alipotua, akasema kutoka kule, kwa sauti ya mtu anayeomba kupitishiwa chumvi: "Mwambie aulize, halafu angoje jibu. Nyinyi huuliza mkiwa mmeshavaa viatu."

Tangu hapo nimekuwa nikiwatazama wanaume kwa jicho hilo, na ni kweli. Mume huuliza "Hujambo?" mkono ukiwa kwenye komeo la mlango. Huuliza "Una nini?" huku akitafuta funguo za vespa. Swali limeulizwa, wajibu umetimia, na jibu hubaki limesimama ukumbini peke yake.

Kulikuwa na jambo jingine lililomtatiza kijana: kuaga. Mwana Kupona anamtaka mke aombe ruhusa anapotoka, lakini mume kusema aendako ni jambo ambalo mila haikulitilia neno, na mpwa wangu aliona kwamba kulisema ni kuomba ruhusa. Nikamwambia kuaga na kuomba ruhusa ni vitu viwili. Baharia huaga, mkubwa huaga, maiti huagwa. Anayetoka bila ya kuaga ni mwizi. Alicheka, lakini niliona kuwa amelichukua.

Usiku wa tatu nilimsimulia habari za nahodha mmoja, jirani yetu wa zamani, Mungu amrehemu. Kwa miaka arobaini alisafiri na jahazi, Pemba, Tanga, Mombasa, akibeba boriti na chumvi na chochote chenye nauli. Nyumbani alikuwa mgeni mheshimiwa. Alipostaafu, mkewe akapatwa na kiharusi kilichomlaza upande wa kulia. Mabinti walikuwa wameolewa mbali. Basi nahodha akakalia mbuzi akakuna nazi. Siku za mwanzo alikuna mpaka kwenye kifuu, tui likatoka rangi ya maji ya mto. Mkewe, akiwa juu ya mkeka, alimwelekeza kwa nusu ya ulimi uliombakia: punguza moto, koroga, siyo hivyo. Na mtu aliyezoea kuwaamrisha mabaharia kumi akajifunza kuamrishwa habari za mchuzi.

Barazani walimcheka. Walisema kalishwa limbwata. Hebu msomaji lizingatie neno hili. Mume akimdharau mkewe, hatutafuti sababu, hayo ni maumbile. Mume akimpenda waziwazi, hatuna maelezo ila uchawi: katiliwa kitu katika chakula. Na kwa wasioamini uchawi kuna neno kukaliwa. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000, msanii Bushoke alipoimba juu ya mume bwege, jina lake lenyewe liligeuzwa kuwa tusi la kumtania mwanamume apikaye au afuaye. Lugha yenye utajiri kama yetu, yenye majina ya kila hatua ya nazi tangu kidaka hadi nazi kavu, haina jina moja la sifa kwa mume mpole ambalo halina mzaha ndani yake. Tena wachekaji ni watu wa sala. Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani mwake, alijibu kuwa alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na sala ilipofika hutoka akaenda. Kila Mfunguo Sita tunakumbushwa maneno hayo katika Maulidi, tunamsalia Mtume kwa sauti kubwa, kisha tunarudi nyumbani tukauliza "Bado?"

Nahodha hakukasirika. "Limbwata nalipika mwenyewe siku hizi," aliwajibu, akaendelea na kahawa yake.

Aliniambia siku moja kwamba katika miaka ile minne ya kumwuguza mkewe alisikia habari ambazo hakupata kuzisikia: juu ya mtoto wao wa kwanza aliyefariki yeye akiwa Mombasa, na nani aliyemwosha; juu ya mwaka wa njaa ambao mke aliuza vipuli vyake akamwambia vimepotea. Mkewe alikuwa akisema polepole, kwa ajili ya ule ulimi, na yeye hakuwa na pa kwenda, kwa hiyo alisikia mpaka mwisho wa sentensi.

Ada yetu ni kwamba mke akikaribia kufa humwomba mumewe radhi, na Mwana Kupona ameliweka jambo hilo juu kabisa, kwani anasimulia kuwa Bwana Mataka alikufa akiwa radhi naye. Ilipodhihiri kuwa bibi yule hatainuka tena, alimwomba mumewe radhi, naye akampa. Kisha mzee akashuka kitandani alipokuwa ameketi, akakaa chini mkekani, akaomba yeye. Mkewe akacheka kwa nusu ya mdomo, akamwambia, "Subiri kwanza niyakumbuke yote."

Alichukua siku mbili kuyakumbuka. Mzee alikaa akamsikiliza, akaitika kila moja. Siku ya tatu akampa radhi yake.

Mpwa wangu aliposikia hayo hakusema kitu, na mimi sikumwongezea. Nilitaka tu ajue kuwa jambo hilo limewahi kutendwa na mtu wa mtaa huu, mwenye kanzu na bakora kama wengine.

Ushairi wetu nao una deni hapa, na kwa kuwa wasomaji wa kurasa hizi ni washairi, niwie radhi nikilisema. Mashairi yetu ya mapenzi humpenda aliye mbali: asiyepatikana, aliyeondoka na upepo wa kaskazi, aliyeozwa kwingine. Au humpenda aliyekwisha kufa. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe alimtungia maombolezo ambayo wapenzi wa ushairi huyajua kwa jina la mwenyewe, Amina, na ni miongoni mwa maneno ya upole kabisa ambayo mwanamume wa Kiswahili amepata kumwandikia mke. Silipunguzi hata chembe. Nauliza tu ni wangapi kati yetu wenye shairi la mke aliyeko, aliye jikoni sasa hivi, ana mafua na ameudhika. Mshororo wa mizani kumi na sita unatosha kumwuliza mtu amelalaje, na nafasi ikabaki ya kumsikiliza.

Mwalimu mwenzangu mmoja, nilipomsomea hoja hizi, aliniambia kwamba tukianza kuwafunda wanaume tutawaharibu, wake watawapanda vichwani. Namheshimu, na hofu yake si ya peke yake. Lakini niliona kuwa katika maneno yake yote kichwa ni kitu cha kupandwa tu. Hakufikiri kuwa mtu aweza kukiegemeza mahali.

Kabla ya harusi kijana aliniomba nakala yangu ya utendi, ile yenye maandishi yangu pembeni. Nilidhani anataka kujua haki zake. Alisema anataka kuusoma pamoja na mkewe, usiku, ubeti mmoja mmoja, ili kila mmoja aseme anapokubali na anapokataa. Hilo sikumfundisha mimi.

Fungate ilipokwisha alikuja kurudisha joho. Mke wangu akamwuliza habari za bibi harusi, akasema hajambo, anatusalimu sana. Nikamwuliza habari za utendi.

"Tumefika ubeti wa ishirini," alisema. "Kila ubeti tunagombana kidogo."

Alikunywa kahawa nusu kikombe, akatazama saa, akasimama. "Nimemwambia saa tatu nitakuwa nimerudi, mjomba."

Ilikuwa saa tatu kasorobo, na wao wamepanga Mwanakwerekwe. Nikamsindikiza mpaka barabarani, kwa kuwa usiku daladala ni chache.